Vyumba vya Bluu Tunachoma Jumamosi

Tunduma,
Jumapili, 14 Julai 2024

Dada Priska,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Hata kwenye sala nalizungukazunguka tu, nasema "Mungu, wewe unanijua," halafu naitikia amina haraka kabla hajaniuliza swali. Jambo lenyewe ni hili: tangu mwezi wa tatu sijakanyaga tuisheni ya fizikia. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi naaga nyumbani na daftari langu kwapani, nalipita kanisa wanakosomea wenzangu, natokea nyuma ya maegesho ya malori, naingia kwa Bibi Restuta.

Unamkumbuka. Yule aliyekuwa sista upande wa Zambia miaka thelathini, akarudi bila shela, na tanuru la umeme lenye ukubwa wa kreti mbili za soda. Watoto wa mtaa wanasema anachoma watu. Anachoma kioo, dada. Anachukua kibati cha shaba, anapinda nyaya nyembamba kuliko uzi wa kiatu, anazisimamisha kwa ubavu juu yake na kuzigandisha kwa ute wa bamia. Katikati ya nyaya vinabaki vijisehemu vidogo vidogo. Humo anajaza kioo cha rangi kilichosagwa kikawa kama sembe, kisha kibati kinaingia tanuruni. Dakika tatu tu kioo kinayeyuka, kinaishika shaba na hakiiachi tena. Kile kikombe cheupe cha bati cha mama yako kule Mbebe, chenye mdomo wa bluu, ni ndugu wa kazi hii, ila ndugu maskini.

Ana kitabu kikubwa cha Kiingereza cha mapambo ya kale. Misalaba ya Ethiopia, mikufu ya Misri, ndege waliotengenezwa Ulaya miaka elfu iliyopita, wamejisokota shingo. Macho yake hayaoni tena maandishi, kwa hiyo mimi ndiye msomaji na mtafsiri wake. Anasema, "Nimesali kwa Kilatini, nimefokewa kwa Kiingereza, nimenunua nyanya kwa Kibemba. Kazi yangu nataka kuifundisha kwa Kiswahili." Vile vijisehemu kitabu kinaviita kwa neno lile lile la baiolojia. Nikasema ni seli. Akakataa, akasema hiyo inamkumbusha selo ya polisi. Nikasema basi ni vyumba. Akacheka mpaka akakaa chini: "Haya, vyumba. Kila rangi ilale chumbani kwake."

Baba akijua nimekwisha. Wewe unajua kazi yake, wakala wa forodha, na hapa mpakani shaba inapita kwenye malori mchana kutwa. Tangu yule jirani akamatwe na nyaya za wizi, baba amesema neno shaba lisisikike nyumbani kwake, leseni yake ikiguswa hatuna kitu. Shaba ya Bibi Restuta ni ya tangi kuukuu la maji moto la misheni, na barua ya paroko anayo. Lakini baba sentensi ikishaanza na shaba haisikilizi mpaka mwisho.

Natengeneza kitu chako, kabla hujafanya mtihani. Ndege wawili, shingo zimesukana kama ulivyokuwa unanisuka nywele za twende kilioni pale kibarazani, kabla shule haijakunyoa. Mikia yao nimeifanya foleni ya malori. Bibi amesema hao watu wa kale nao wangekuwa na malori wangeyaweka.

Nasikia ndala za mama. Nafunika.

Mdogo wako,
L.


Shuleni,
Jumapili, 21 Julai 2024

Mdogo wangu mtoro,

Nimecheka hadi matroni Violet akauliza kama nina pepo. Wewe! Wewe unayetumwa chumvi dukani ukarudi mikono mitupu kwa sababu muuzaji alikuwa anaongea na mtu! Leo una siri ya miezi mitano na tanuru juu. Nimejivunia, na nimeogopa kidogo.

Barua yako Conjesta mpishi alinipa jikoni, kwenye mfuko wa dagaa, inanuka hivyo hivyo na naipenda hivyo hivyo. Sikiliza, mpitie yeye tu. Kila Jumamosi anarudi kwao Tunduma, unajua anapokaa. Barua zinazopita getini matroni anazifungua zote. Anasoma akitembeza midomo kama anakula muwa.

Sisi tunabanana. Bweni la Bluu tuko themanini na mlango mmoja. Wale wa Nyekundu wana bomba linalotoa maji, ndiyo maana wanatembea hivyo. Mtihani Novemba. Mama ameniambia nikifaulu nitakuwa wa kwanza kwetu Mbebe kusomea uuguzi, na ameshalisema kanisani, kwa hiyo siwezi kufeli, labda nihame dini.

Ndege wangu mpake bluu, rangi ya bweni langu. Wewe uwe mwekundu, angalau siku moja watu wakuone. Unaenda lini tanuruni? Niambie kila kitu, huku hakuna jipya ila maharage.

Dada yako,
Priska


Tunduma,
Alhamisi, 1 Agosti 2024

Dada Priska,

Naandika mbiombio. Conjesta mguu umemvimba, amesema hapandi gari wiki hii. Kuna mzazi anakuja huko shuleni kwenu kumwona mtoto wake kesho, nimemwomba aikabidhi mkononi mwako. Amesema sawa.

Yote yako tayari. Vyumba vya bluu tunachoma Jumamosi. Vyekundu tunaviacha mwisho, maana vinaungua haraka, ukichelewa dakika moja tu vimekuwa vyeusi. Wiki iliyopita nilijaribu peke yangu, havikuungua vizuri, moto ulikuwa mdogo upande mmoja, na vyekundu vikaharibika. Safari hii bibi mwenyewe atakuwepo. Ananiambia kwa Kibemba chake, panono panono, yaani polepole, mwana, usiogope moto, moto ndio unaomaliza kazi.

Usimwambie mtu. Ukisikia kimya ujue kila kitu kimekwenda vizuri.

Mdogo wako,
L.


Tunduma,
Jumapili, 11 Agosti 2024

Dada Priska,

Ile barua uliipata? Nilisema ukisikia kimya, sasa mimi ndiye ninayesikia kimya.

Bluu imetoka! Kwanza ilitoka na ngozi kama ya chungwa, nikataka kulia, bibi akasema rudisha. Nikarudisha. Ilipotoka mara ya pili ilikuwa kama maji ya kisima ukiinamia. Na nyekundu imetoka nyekundu, kijiko cha mwisho cha ule unga, umekwisha kabisa.

Bibi amevuka Jumatano kwenda Kasama, wanamfanyia upasuaji wa macho. Atarudi katikati ya Septemba. Ameniachia ufunguo, barua ya paroko ameenda nayo. Nakaa pale peke yangu natazama ndege wetu. Malori ya mkiani nimeyahesabu, ni sita, moja nilikosea lina gurudumu moja.

Conjesta amepona, anakuletea hii. Niandikie hata mistari miwili.

L.


Shuleni, stoo ya magodoro,
Jumatano, 14 Agosti 2024

Loisi,

Hujui. Nimesoma barua yako ya bluu imetoka nikaona kweli hujui.

Jumamosi ile ya tarehe tatu, saa moja jioni tukiwa madarasani, bweni la Bluu liliungua. Hakuna aliyeumia. Magodoro, masanduku, madaftari ya watu ya miaka minne. Na siku moja kabla, Ijumaa, barua yako ilikuwa imeshafika getini. Yule mzazi alimpa mlinzi, mlinzi akampa matroni, matroni akaiweka kwenye droo aisome Jumatatu.

Jumatatu akaisoma.

Mwalimu wa nidhamu aliisoma kwa sauti mbele ya walimu wote, mimi nimepiga magoti. Vyumba vya bluu tunachoma Jumamosi. Vyekundu tunaviacha mwisho. Wale walimu wa kike wanaolala karibu na bweni la Nyekundu wakashikana mikono. Nikasema, mwalimu, ni vyumba vya ndege. Akaniuliza, "Ndege ana vyumba vingapi?" Nikasema sijui, sijamwona bado. Mwalimu mmoja kijana akacheka, na yeye ndiye aliyeniponza, maana wakaona nafanya utani.

"L ni nani?" Nikasema ni rafiki. "Yuko shule hii?" Hapana. "Bibi ni nani?" "Anayewafundisha msiogope moto ni nani?" Loisi, ungekuwepo ungezimia.

Sikukutaja. Nikikutaja watapiga simu kwa baba mdogo leo hii hii, na atasikia habari zako kwa mdomo wa mwalimu wa nidhamu, pamoja na neno moto na neno shaba. Nikawaza, hilo si langu kusema, ni lako. Lakini bila wewe mimi sina cha kusema. Mama ameitwa. Alhamisi ya tarehe ishirini na mbili, saa nne asubuhi, kinakaa kikao cha nidhamu.

Njoo. Njoo na ndege. Mwonyeshe mtu yeyote vile vyumba, sema tu ndivyo hivi. Sentensi moja, mdogo wangu. Mimi nitamalizia zilizobaki, si unanijua.

Nalala stoo, matroni ana ufunguo. Conjesta amepitisha kalamu kwenye ugali.

Priska


Tunduma,
Ijumaa, 23 Agosti 2024

Dada,

Nilikuja.

Sijui kama walikwambia. Nilitoroka shule, nikapanda gari hadi Vwawa, nikapanda jingine, saa tatu na nusu nilikuwa getini kwenu na ndege kwenye kitambaa, kitambaa kwenye bahasha. Njia nzima nilirudia sentensi. Mimi ndiye L, na vyumba ni hivi. Maneno saba. Niliyasema kwa Kiswahili, nikayasema kwa Kiingereza, kwa sababu nilikumbuka kibao chenu kinachosema humo ndani ni Kiingereza tu.

Mlinzi, yule mzee Jilala, hakuwa mkali. Angekuwa mkali labda ningelia na kulia kungesema kitu. Aliniuliza, "Mwanangu, umekuja kwa nani?"

Nikasema, "Kwa Priska."

"Priska yupi? Yule wa moto?"

Nikatikisa kichwa juu chini.

"Wewe ni nani wake?"

Hapo ndipo. Nilifungua mdomo. Akapita mwalimu, mwanamke mrefu mwenye mafaili, akasimama akaniuliza kwa Kiingereza nina shida gani. Dada, nina lugha mbili na zote mbili zilinikimbia kwa pamoja. Niliona midomo yake, niliona wino kwenye kidole chake, nikawa naangalia ule wino. Akaniuliza tena. Akamwambia mzee Jilala, "Huyu ni bubu?" Mzee akasema, "Hapana, kasema Priska."

Akaenda zake. Na nyuma yake nikamwona mama mkubwa Atuganile anapita kwenda ofisini, amevaa kitenge cha harusi ya mjomba, ameshika viatu mkononi kwa ajili ya tope. Hakuniona. Nilijificha nyuma ya nguzo ya geti. Mama mkubwa mwenyewe, aliyenilea likizo zote, nikamkimbia.

Mzee Jilala akasema, "Basi kama ni mzigo, acha mzigo, nitaufikisha." Nikampa bahasha. Akaniambia niandike jina la aliyeleta. Nikachukua kalamu, nikaandika jina lako, langu sikuliandika.

Nilifika nyumbani kabla ya saa za kutoka shule. Mama aliniuliza mbona viatu vina tope. Nikasema tuisheni.

Labda wamemwona ndege. Labda wakimwona wataelewa, maana nyaya zinaonekana wazi kabisa, mtu yeyote akizitazama ataona ni vyumba. Niambie wameelewa.

L.


Mbebe,
Alhamisi, 29 Agosti 2024

Loisi,

Niko nyumbani. Nimesimamishwa mpaka bodi ikae tarehe kumi Septemba, na mwalimu mkuu amemwambia mama asitegemee sana. Akifukuzwa mtu kwa moto, hata kituo cha kufanyia mtihani hakimpokei kirahisi. Simu mama ameificha, barua hii nampa mtoto wa mchungaji anayekuja Tunduma na mahindi.

Ndege alifika. Mzee Jilala aliingiza bahasha katikati ya kikao. Mwalimu wa nidhamu akafungua, akaona, akaacha kugusa kwa mkono, akawa anamgeuza kwa kalamu. Madude mawili yamefungana shingo. Shaba. Yameletwa na binti asiyesema, aliyekataa kuandika jina, akaondoka. Unafikiri walisema nini? Walisema hirizi. Akamgeuza kifudifudi, nyuma kote kweusi. "Na huku nyuma kwa nini ni kweusi?" Mimi nitajuaje kwa nini nyuma ni kweusi, Loisi? Mama alianza kukemea kwa jina la Yesu pale pale ofisini. Mama yangu mwenyewe.

Nataka nikwambie kitu kimoja, halafu ninyamaze. Alikuwa mzuri. Dirisha lilikuwa nyuma ya mkuu, mwanga ukawa unaingia kwenye ile bluu na hautoki. Niliona malori, niliona na lile la gurudumu moja, nikakaribia kucheka. Nilitaka kusema huyo ni wangu, nimetengenezewa na mdogo wangu. Nikauma ulimi, maana ningesema mdogo wangu, wangeuliza jina.

Wamemfungia kabatini.

Mama anapalilia kahawa. Jana alimwuliza Mungu kwa sauti, mimi nikiwa nyuma yake, amekosea wapi. Nimemwambia sijui aliyeandika barua. Na wewe sikuombi tena kitu. Si hasira. Nimechoka kukusubiri getini.

Priska


Tunduma,
Jumapili, 1 Septemba 2024

Dada Priska,

Nyuma ni kweusi kwa sababu shaba ikipakwa kioo upande mmoja tu, ikipoa inajikunja na kupasua kile kioo. Kwa hiyo nyuma nako hupakwa, kwa rangi yoyote iliyobaki, ili mbele kusipasuke. Mimi ilinibaki nyeusi. Ni hilo tu. Ningelisema pale, lingechukua muda wa kunywa maji.

Nimekaa wiki nzima natafuta mtu wa kunisemea. Bibi hajarudi, nimepiga namba ya Kasama anapokea sista, anasema macho yamefungwa bandeji. Conjesta anahofia kibarua chake. Nikafikiria kumwandikia mwalimu mkuu, nikaandika mara nne, kila nikiandika vyumba na kuchoma mkono unasimama. Hayo maneno niliyachagua mimi. Ningeng'ang'ania seli, wewe ungekuwa shuleni leo.

Leo niko mezani sebuleni. Si chumbani. Mbele yangu nimeweka ndege wa kwanza, yule wa jaribio, ambaye bluu yake haikuiva upande mmoja na nyekundu imekuwa nyeusi kama nilivyokuandikia. Ni mbaya. Lakini nyaya zake zimesimama zote, na mtu akimshika anaweza kuhesabu vyumba: bluu kumi na tisa, vyekundu kumi na vinne. Nimeweka na barua zako zote, zile za dagaa na ile ya ugali. Nimeweka na daftari la fizikia, lipo tupu tangu ukurasa wa mwezi wa tatu.

Mama ameenda kwa wagonjwa na wanawake wenzake wa kanisa. Baba alibaki kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Geti limelia sasa hivi. Ni baba, anafuta viatu kwenye kipande cha zulia, kushoto mara mbili, kulia mara mbili, kama siku zote. Hapa ndipo huwa nafunika.

Priska, nisamehe, kuanzia hapa barua hii si yako.

Baba, shikamoo. Najua hupendi kusoma za watu, lakini hii anza pale juu, kisha soma na hizo nyingine kwa tarehe. Ni shaba, ndiyo. Usiishie hapo, endelea. Barua yangu ya Alhamisi ile ya tarehe moja Agosti sina, iko shuleni, lakini dada Priska ameeleza ilivyosema, na niliyeiandika ni mimi. Hakuna aliyechoma bweni kati yetu. Tarehe kumi kuna bodi, na wewe unajua kuongea na watu wa ofisi, mimi nimejaribu nikashindwa.

Unahangaika na kitasa. Karatasi naiacha wazi, ndege nimemweka juu yake isipeperuke. Mimi niko hapa hapa kwenye kiti, sijaenda popote. Ukiniuliza nitachelewa kujibu.

Baba, nisubiri.

Loisi